Spika nne, soketi moja, na hakuna kilichoungua

Wakuu nimechoka kuambiwa spika zangu nne, zile zenye amplifaya ndani yake, haziwezi kula soketi moja, eti nitafute jenereta au nivute waya mwingine kutoka meni swichi. Mimi zinapiga hivyo hivyo, muziki wa kucheza watu, na shughuli ikiisha nikishika plagi naikuta vuguvugu tu. Sasa acha nieleze, maana nikimjibu mmoja wanakuja wengine na hesabu ile ile mbovu.

Hesabu yenyewe ni hii: spika mbili za juu zimeandikwa wati 1000 kila moja, sabufa mbili wati 1200 kila moja, jumla 4400. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inatoa kama wati 3000, basi mtu anapiga makofi, hoja imeisha. Jamani ile 1000 ya maandishi makubwa ni ya kuuzia! Ni kilele, yaani kile spika inachotema kwa sehemu ndogo ya sekunde ngoma inapogonga halafu inapumua. Geuza spika, pale nyuma waya wa umeme unapoingia kuna maandishi madogo ya volti na ampea au wati, hayo ndo ya kusoma na kujumlisha. Walioko kwenye volti 120 na breka ya ampea 15 wana wati 1800 tu, na kwa mzigo wa masaa mengi wabaki chini ya 1440, bado zinatosha.

Mimi sikuridhika na maandishi, nikatafuta kile kidude cha kupimia wati unachokichomeka kwenye soketi halafu plagi inaingia juu yake. Spika zimewashwa kimya, zote pamoja hazifiki hata wati 100. Nikaweka nyimbo za beisi nzito nikapandisha mpaka madirisha yakaanza kutetemeka, namba inacheza kwenye mia nne na kitu, sabufa zikigonga inaruka mia sita na ushee inarudi. Kweli kidude hakikamati kila kilele, ila kinachochosha waya ni joto linalojengeka taratibu, na hilo linafuata wastani. Nilimwonyesha yule bingwa wa 4400 akaangalia namba, akaniuliza kama kipimo kina betri.

Kwa hiyo anayeunguza vitu mara nyingi siyo spika, ni ekstensheni. Kuna jamaa alijitolea kunifungia mitambo, fundi kweli kweli kwa mdomo, akaja na ile ekstensheni ndefu ya kuzungushia kwenye gurudumu, akavuta kipande kidogo cha kufika ukutani na waya wote uliobaki akauacha umejikunja humo humo ndani. Juu yake akachomeka spika zangu pamoja na taa zake mbili za jukwaani, zile za zamani za balbu, wati 1000 kila moja. Nikamwambia kunjua huo waya akaniambia nisimfundishe kazi. Haya. Muziki umechanganya, nikaanza kusikia harufu kama ya ndala iliyosahaulika jikoni, kushika gurudumu, halishikiki. Nikazima kila kitu. Tulipokuja kuufungua, zile tabaka za ndani za waya zilikuwa zimelainika na kugandana, unavuta mzunguko mmoja unakuja na mwenzake. Na pembeni ya gurudumu imeandikwa wazi kabisa: ukiwa umekunjwa wati 1000, umekunjuliwa wote wati 3000. Yeye alikuwa amepandisha kama 2500. Eti akasema waya feki!

Mimi natumia waya mfupi wa milimita za mraba 1.5 wenye eathi, nimeulaza wote chini, unaishia kwenye ekstensheni moja nzuri na kila kitu kinatoka hapo. Ekstensheni juu ya ekstensheni sitaki kuona. Nje ni lazima kiwepo kile kikata umeme cha miliampea 30, kinachokata chenyewe umeme ukivuja, na viunganishi viinuliwe visikae kwenye majani yenye maji.

Halafu ule mvumo, mmmmm, usioisha hata muziki ukizima. Ushauri niliopewa ni kung'oa pini ya eathi. Naomba nisirudie kuusikia, maana siku spika ikivujisha umeme kwenye bodi yake, anayeshika maikrofoni ndo anakuwa eathi. Nilichofanya ni kuchomoa kitu kimoja kimoja. Nikachomoa sabufa, mvumo upo, nikachomoa waya wa mikisa (ile mashine ya kuchanganyia sauti), upo, nikachomoa chaja ya laptopu, kimyaaa! Kumbe chaja ina eathi yake, mikisa ina yake, na ule kawaya kembamba ka sauti kanaziunganisha kukawa na mduara wa eathi, ndo unaoleta mvumo. Nikaweka kiboksi cha DI, kile cha kupitishia sauti, kati ya laptopu na mikisa, nikabonyeza kiswichi chake kinachokata eathi upande wa sauti tu, umeme haujaguswa. Kutoka mikisa kwenda spika ni waya za XLR tupu, zile za pini tatu kama za maikrofoni. Chaja imerudi na mvumo haujarudi.

Kuwasha naanza na mikisa, kisha spika moja baada ya nyingine, maana zikiwaka zote kwa mpigo ule mvuto wa kwanza unaweza kuangusha breka bure. Kuzima, spika zinatangulia.

Na matundu yanayobaki wazi kwenye ekstensheni nayaziba kwa utepe wa gundi wa karatasi, kwa sababu kuna mtu lazima atatokea na birika la umeme, wati 2000 na zaidi, akikuta tundu hana swali. Wa mwisho alibandua utepe wangu akanirudishia mkononi.