Fundi aliyerudi siku ya maji

Fundi wa kwanza alichukua malipo ya awali, akakata bomba la bafuni, akaniambia anakimbia hadi hadiwea. Hakurudi, na simu hakushika tena. Wiki mbili tulioga kwa beseni, mimi na mama yangu mwenye miaka 70, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Iliniuma sana.

Wa pili nilielekezwa na jirani wa ghorofa ya chini. Sikuanza na bei. Nilitaka kuona kazi yake ya mwaka jana, basi tukashuka kwa huyo jirani, nikapapasa chini ya sinki: pakavu. Cheti cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, anacho pia, lakini ule ukavu ndio ulionituliza moyo.

Vifaa nilinunua mwenyewe, naye akiwa kando yangu. Nikamtazama akiunga bomba la PPR, lile la plastiki linaloungwa kwa moto. Alifuta ncha kwa kitambaa, akapiga alama kwa penseli, akapasha moto bomba na kiungo kwa pamoja, akasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, kisha akashikilia, kimya. Ukizungusha, alinieleza, plastiki iliyoyeyuka inavurugika na maji yanapata njia.

Tulikubaliana nusu ya pesa za ufundi nilipe maji yakishapita. Kwetu maji huja kwa mgao, ikabidi tungoje Alhamisi. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni, tochi mkononi. Mama akafungua mfereji. Fundi akapiga magoti, akapitisha tishu chini ya kila kiungo, akaniletea. Ilikuwa kavu.