Kwa sababu haishi hapa

"Unampenda kwa sababu haishi hapa."

Maneno ya mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu mvuvi wa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika; anaishi kwangu. Aliyasema Jumatatu usiku jikoni, mgongo kanipa, anasuuza sufuria, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Tangu hapo barua yangu ya kupanda daraja kazini imefika (ndiyo, hatimaye), tumemzika babu wa nyumba ya pili, mitihani ya muhula imeanza na kwisha, na mimi katikati ya yote hayo nambishia mtoto wa miaka kumi na sita kimoyomoyo.

Asili yake ni kitabu. Alichomoa kabatini The Catcher in the Rye ya Salinger, nakala yangu ya tangu chuo, jalada linashikiliwa na selotepu. Sikumtuma. Nilimwona tu na kamusi pembeni, nikafurahi na kunyamaza, maana ukimsifia anaacha. Kwa ambao hamjakisoma: ni cha mwaka 1951, na anayesimulia ni Holden Caulfield, aliyefukuzwa shule huko Pennsylvania kwa kufeli masomo manne. Krismasi inakaribia, anaogopa kufika nyumbani kabla ya barua ya shule, basi anazurura New York, hoteli hii, baa ile, na karibu kila mtu mzima anayekutana naye anamwona mnafiki. Chini ya dharau hiyo yote kuna mdogo wake, Allie, aliyekufa kwa saratani ya damu. Usiku wa kifo Holden alilala gereji akavunja vioo vyote kwa ngumi. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kidogo.

Sasa Jumatatu. Nachambua dagaa, yeye anaosha vyombo. Akaniuliza, "Shangazi, huyu Holden unampenda?" Nikasema nampenda sana, tangu zamani, ni mtoto aliyeumia na hakuna aliyekaa naye akamsikiliza.

"Mimi nikinuna siku mbili unampigia simu baba."

Nikacheka. Nikamwambia yule ni wa kwenye kitabu.

"Ndiyo maana. Unampenda kwa sababu haishi hapa." Akafunika sufuria, akapangusa meza, "Ulale salama, Shangazi," akaenda zake. Hata utovu wa adabu hakuniachia nikaushikilia.

Majibu yamenijia, tatizo yamechelewa. La kwanza lilikuja kwenye bajaji kesho yake: angeishi hapa angechota maji kama wewe. Hilo nimelifuta, ni jibu la shangazi yeyote. La pili lina nguvu zaidi. Holden ni mtoto wa wakili mwenye pesa, anaichukia dunia akiwa kiti cha nyuma cha teksi, na akiishiwa anajua nyumbani ni wapi. Mtu wa namna hiyo kununa ni starehe. Lakini nikilitafakari naona silijibu lile aliloniambia. Linamshambulia Holden, na mpwa wangu hakuwa anamtetea Holden.

La tatu ndilo karibu nimwamshe usiku nimpe. Holden anasema! Amenisimulia kitabu kizima, aibu zake, uongo wake, machozi yake. Wewe nakuuliza shule vipi, "poa". Chakula vipi, "poa". Nipe nawe kurasa mia mbili uone kama sitakupenda.

Nililala nimeshinda. Asubuhi, napiga mswaki, likaanguka. Nilikumbuka ule usiku Holden anapoingia kwao kwa kunyata amwone Phoebe, dada yake mdogo. Wazazi wanarudi, yeye anajificha kabatini. Mama anaingia, ananusa sigara, anauliza, Phoebe anajitwisha kosa, mama anaondoka. Kijana yuko kwenye giza la nguo, hatua chache tu, na mama hana habari. Sisi wasomaji tunajua yote, nusura hadi idadi ya sigara. Mama aliyemzaa ananusa moshi tu. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi, na sikuwahi kumwonea huruma mwanamke yule hata chembe. Wiki hii nimemwonea. Mimi nyumbani kwangu nanusa moshi tu.

Na si kwa Wamarekani peke yao. Nafundisha, nawaona wazazi. Muulize mzazi yeyote aliyesoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, atakuambia Zakaria alikosea kumpiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, tena atakuambia kwa uchungu. Mtu huyohuyo kwenye kikao cha wazazi anataka simu za mabinti zikaguliwe. Kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Watu wazima waliona hatari iko kwenye hadithi. Rosa tunamlilia vizuri kwa sababu ameshakufa na hatudai salamu ya asubuhi. Mnaona? Hata nikijitetea narudi kulekule kwa mpwa wangu.

Alhamisi nilikuwa nakirudisha kitabu kabatini, kikafunguka alipokunja ukurasa. Ni pale Holden anapomuuliza dereva wa teksi bata wa Central Park huenda wapi maji yakiganda. Dereva anakasirika, anahamia kwa samaki, anadai samaki hukaa humohumo ndani ya barafu, wameganda palepale walipo, wanapata chakula kupitia vinyweleo. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mpwa wangu, mistari miwili chini yake: "MUONGO HUYU." Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Mtoto wa mvuvi amesafiri hadi New York kumsahihisha dereva wa teksi habari za samaki! Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu bata wale ni ishara ya hiki na kile. Yeye kasoma kama mtu anayejua maji.

Kisha nikaona kwenye swali lenyewe la bata ameandika kidogo sana, "2024".

Hilo sikuhitaji kufafanuliwa. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule, dagaa na migebuka wazaliane, na kaka yangu alitoka Kagunga bila kuaga akaenda Uvinza kutafuta kibarua kwenye chumvi. Watoto tukawaambia baba amesafiri. Nilikuwemo kwenye kulipanga jibu hilo na mpaka leo naona lilikuwa sawa. Wiki tatu za mwanzo hata sisi hatukujua kama amepata kazi, ungemwambia nini mtoto wa miaka kumi na minne? Ila sasa ana kumi na sita, na anauliza kwa penseli.

Nikachukua penseli yangu ya kusahihishia. Chini ya ile 2024 nikaandika: "Uvinza. Kwenye chumvi. Alilala kwa rafiki yake wa zamani. Hela ya daftari zako ilitoka huko." Nikakiacha mezani kwake, ukurasa umekunjwa vilevile.

Jana kitabu kimehama, kiko chini ya mto wake. Nilimuuliza shule vipi. "Poa." Halafu, yuko mlangoni, "Shangazi, hicho cha Rosa kiko wapi?" Nikamwonyesha rafu ya juu. Nimepika wali wa nazi bila sababu ya maana.

Ningeishia hapo, lakini Mama kanipigia mchana kutoka Kasulu. Katikati ya habari za mbuzi kasema vidonge vya presha anameza siku moja, anaruka siku moja, ili visiishe kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemuuliza ameanza lini mtindo huo. Akaniuliza mahindi huku debe shilingi ngapi.