Basi ni nani?

Tumerudi kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, tangu Jumapili jioni, leo Alhamisi, na sauti ya mwanangu Doto, aliyoniambia melini tukienda, bado inanisemea sikioni. Hakulia wala hakulaumu. Aliongea kama anavyoniambia kila siku kwamba chai ina moto.

"Mama, unaniumiza."

"Mimi? Mbona sijakushika kwa nguvu, mama."

"Basi ni nani?"

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekamata vidole vyake vinne na kuvibana pamoja kama mtu anayekamua nguo. Kidole gumba changu kilikuwa kimezama kwenye kiganja chake. Nilipoachia, alama ya ukucha ikabaki pale, kikombo chembamba kama mwezi mwandamo. Jiwe la Bismarck, lile la majini pale Mwanza mjini, tulikuwa tumeshaliacha nyuma, kwa hiyo nilikuwa nimemshika hivyo kwa muda mrefu, na wala sikuwa na habari.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuogopa peke yake nimekuzoea.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua habari zangu na Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa na miaka tisa, na mjomba alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba, iliyozama siku hiyo, akirudi Mwanza. Ninachokumbuka ni redio iliyowashwa kutwa nzima pale kwetu Mabatini, na mama akisonga ugali ambao hakuna aliyeugusa. Mjomba yuko Igoma, kwenye makaburi ya waliozama, amelala na wenzake. Halafu mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikienda kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafariki, na mimi nikaacha kupanda hata kivuko cha Kamanga. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, Baba Kulwa alidhani nashangilia maendeleo. Nilikuwa nashangilia kwamba sitaelea tena.

Lakini Aprili niliandika hapa kwamba nimeshinda. Mkanipongeza, na mmoja wenu akasema ataniiga. Leo inabidi niseme nilishindaje. Nilivuka Kamanga nikiwa nimefumba macho, na kichwani nikajipeleka darasani ninakofundisha, darasa la nne, nikawa nahesabu madawati mstari kwa mstari. Nikifika la mwisho naanza upya. Kivuko kilipogonga gati nilikuwa sina hata jasho, nikajiona shujaa.

Safari hii ya Nansio ni zaidi ya saa tatu majini, na madawati niliyahesabu vilevile. Ndipo Doto akauliza ni nani. Swali hilo nimeligeuza kila upande. Kama mimi nilikuwa darasani, nani alibaki melini na mtoto wangu? Alibaki mwili wangu, peke yake, na woga wote niliomwachia. Nilimkimbia kama mtu anayemwacha mwenzake njiani usiku, naye akashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni vidole vya mtoto wa miaka minane.

Kikao cha mahari ya mdogo wangu kilikwenda vizuri, ng'ombe walikubaliwa kabla ya chakula, harusi ni Desemba, nitawasimulia siku nyingine.

Usiku ule pale Nansio sikulala. Nililala chali namsikiliza Doto akipumua, huku narudia yale maneno matatu na kujitungia majibu. Mara nimwambie "nisamehe mwanangu", mara "ni mama, mama anaogopa." Lile nililomjibu hasa melini, kwamba sijamshika kwa nguvu, ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu lilimfundisha kutoamini maumivu ya mkono wake mwenyewe. Bahati nzuri hakukubali. Aliuliza.

Nikamkumbuka mwalimu wa sayansi, jirani yangu wa meza pale ofisini. Kabla ya kufunga shule alikuwa anasahihisha daftari, akatueleza kwamba mtu akiogopa, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikakimbilia kwenye misuli mikubwa ili mtu apigane au atimue mbio, na vidole vikabaki vya baridi. Akasema mwili hausubiri ruhusa yako. Akaongeza kwamba pumzi inayotoka taratibu, ndefu kuliko inayoingia, hupunguza kasi ya moyo. Siku ile nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mkoa mwingine.

Jumapili tulipanda meli ya mchana. Safari hii sikufumba macho. Nilivua kandambili nikaweka nyayo kwenye sakafu ya chuma. Jamani, sakafu ile ina uhai. Mtetemo wa injini unapanda kisigino, unapita kwenye muundi, unafika gotini na kutulia pale. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba magoti yangu huwa nayakaza, na kwamba tumbo nalivuta ndani kama ninayesubiri kupigwa ngumi. Nikaliachia. Nikasikia harufu ya dizeli na dagaa wa magunia. Mgongo wangu ulikuwa unagusa benchi sehemu mbili tu, basi nikauegemeza wote.

Halafu upepo wa alasiri ukaanza. Meli ikainama kidogo, ikarudi. Akili ikakimbilia mlango wa darasa, dawati la kwanza, la pili. Nikairudisha. Ikaenda tena. Nikairudisha kwenye nyayo, nikatoa pumzi taratibu mpaka ikaisha. Siwadanganyi, woga haukuondoka. Moyo ulidunda mpaka nikausikia shingoni, viganja vikalowa, na nikamwona mjomba. Ila nilikuwepo vyote vikitokea. Nilijua huu ni moyo wangu, hili ni jasho langu, na mkono huu umeshika mkono wa Doto.

Na nikauona ule mkono. Kwenye kidole chake cha shahada kulikuwa na doa la peni ya bluu. Kucha ya kidole kidogo ilikuwa imetafunwa. Alama ya ukucha wangu ilikuwa imeshafutika. Mkono ulikuwa wa moto na mzito, maana alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kwenye ubavu wangu. Kila nilipoona vidole vyangu vinaanza kubana nilivilegeza, kimoja kimoja. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana, yale mekundumekundu ya jua la kuzama, machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta kwa sababu sikutaka kumwachia.

Jana nilikuwa namsuka, nikajikaza nikamuuliza.

"Doto, unakumbuka uliniambia nakuumiza?"

"Lini?"

"Melini. Tunakwenda."

Akafikiri. "Sasa hivi ndiyo unaniumiza. Hapo kwenye sikio."

Nikalegeza. Nikamwambia, "Ni mama. Pole."

"Haya," akasema, akaendelea kula embe lake.

Najua nitapanda tena Desemba, na safari hiyo tutakuwa wengi, na sina uhakika kama nyayo zitanitosha mawimbi yakiwa makubwa. Nimeanza kujizoeza hapahapa nyumbani, nikiosha vyombo, nikisubiri daladala pale Buzuruga. Nasimama tu najisikia nimesimama.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo asubuhi nimewapima wote wawili viatu. Vya Kulwa vimembana mpaka vidole vimejikunja, itabidi nipande namba mbili nzima. Vya Doto, vilevile vya Januari mwaka jana, vimemwenea bado, hata kisigino kinacheza. Baba yao anasema mapacha si lazima wakue sawa, na kwamba hata yeye alichelewa. Nimemwambia Doto avue, avae tena, asimame wima. Bado vinamwenea.