Kumbukumbu ya mradi: peleti nzito na kikomo cha futi-pauni 12

Hatimaye imekubali. Bunduki yangu ya hewa ya 5.5 mm, aina ya PCP (tangi lake hujazwa hewa ya shinikizo kubwa kabla ya kupiga), sasa inarusha peleti (risasi yake ndogo) ya greni 25.39 chini ya kikomo cha nguvu cha Uingereza, na peleti nyepesi hazikupoteza nguvu ya maana. Naandika namba zote hapa kwa sababu ushauri unaozunguka kila mahali, "shusha regileta tu" (kidhibiti cha shinikizo la hewa inayofika kwenye valvu), ndio uliozidisha tatizo.

Kikomo mnakijua: nishati ya futi-pauni 12 (jouli 16.27) kwa bunduki ya hewa, 6 kwa bastola ya hewa, mdomoni mwa mtutu. Wengi hupima kwa peleti wanayoipenda, wakaona 11.5, wakafunga sanduku. Sheria inatazama uwezo wa bunduki yenyewe. Maabara ya polisi ikiichukua itajaribu uzito mbalimbali, na peleti moja ikivuka, bunduki yako imekuwa silaha inayodai cheti, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai. Uskoti hata ile iliyo chini ya kikomo inadai cheti tangu 31 Desemba 2016.

Hesabu: uzito kwa greni, mara kasi, mara kasi tena (futi kwa sekunde), gawanya kwa 450,240, unapata futi-pauni. Kwa hiyo greni 15.89 inagota kikomo kwenye futi 583, greni 18.13 kwenye 545, na greni 25.39 kwenye 461 tu. Mtu akikuambia "bunduki yangu inapiga futi 570", bado hajakuambia kitu mpaka ataje peleti.

Hali ya mwanzo, regileta bar 110 (bar ni kipimo cha shinikizo), springi ya nyundo kama ilivyotoka kiwandani:

Greni 11.9: futi 636, nguvu 10.69
Greni 15.89: futi 572, nguvu 11.55
Greni 18.13: futi 543, nguvu 11.87
Greni 21.14: futi 510, nguvu 12.21
Greni 25.39: futi 472, nguvu 12.56

Kwa 15.89 ni bunduki halali kabisa. Kwa 21.14 tayari imevuka. Bunduki ile ile, mipangilio ile ile!

Chanzo ni muda. Nyundo inaigonga valvu, valvu inafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hewa inaingia mtutuni. Peleti nyepesi inakuwa imeshatoka kabla hewa yote haijaisukuma, na inayobaki inapotea nyuma yake kama mlio. Peleti nzito inachelewa ndani ya mtutu, inaendelea kusukumwa, inatoka taratibu ikiwa na nishati zaidi. Bunduki za springi na pistoni ni kinyume. Peleti nzito inakawia kuondoka, shinikizo linapanda ghafla mbele ya pistoni na kuirudisha nyuma, na nguvu inaliwa humo humo. Ndiyo maana bunduki ya springi ya 4.5 mm hujaribiwa kwa peleti za greni 7 hadi 8, na PCP hujaribiwa kwa nzito kuliko zote zinazoingia kwenye mtutu. Ukigeuza utaratibu huo unajidanganya.

Sasa ule ushauri. Regileta ikashushwa hadi bar 100, nyundo haikuguswa. Greni 15.89 ikaanguka hadi futi 560 (11.07), greni 25.39 ikabaki futi 467 (12.30). Pengo kati ya hizo mbili lilikuwa 1.01, sasa 1.23. Yaani peleti ninayoitumia imenyimwa nguvu na ile ya hatari bado iko juu ya sheria. Inaudhi sana, lakini ukiifikiria valvu inaeleweka: hewa iliyo nyuma yake ndiyo inayoifunga. Ukipunguza shinikizo bila kupunguza pigo la nyundo, valvu inakaa wazi muda mrefu zaidi, na muda mrefu ndio chakula cha peleti nzito. Kubana tundu la hewa kati ya valvu na mtutu kunaleta ugonjwa huo huo: hewa inapita polepole, peleti ya haraka inakosa, ya polepole inangojea fungu lake.

Dawa ni kwenda upande wa pili. Regileta juu, nyundo laini. Valvu inafunguka kidogo na kujifunga haraka, fungu dogo la hewa ya shinikizo kubwa linaingia, kisha linatanuka lenyewe nyuma ya peleti. Ikiwa valvu imeshafungwa, kuchelewa mtutuni hakuongezi kitu cha maana.

Utaratibu: toa hewa yote kwanza, hadi geji isome sifuri na nyundo ikigonga hakuna kinachotoka. Usifungue regileta yenye hewa hata kidogo. Legeza springi ya nyundo kabla ya kupandisha regileta, ili bunduki isivuke kikomo hata kwa dakika moja. Regileta ikakaa bar 125, kisha ufunguo wa Allen kwenye skrubu ya springi ya nyundo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kila badiliko linataka risasi kadhaa za kutuliza washa (pete za chuma) za regileta kabla ya kuandika namba, na ukibadili aina ya peleti, mtutu nao unataka risasi kama kumi.

Matokeo: greni 11.9 futi 648 (11.10), 15.89 futi 566 (11.31), 18.13 futi 533 (11.44), 21.14 futi 495 (11.50), 25.39 futi 453 (11.57). Kutoka nyepesi hadi nzito pengo halifiki hata nusu futi-pauni. Nimefurahi mno.

Neno kuhusu vifaa. Kronografu (kifaa cha kupima kasi ya peleti) ya kufunga mdomoni mwa mtutu inashinda ile ya kuweka mezani inayotegemea mwanga. Taa za umeme ndani ya nyumba zinapepesa na kuifanya itoe namba za ajabu. Ukilazimika kutumia ya mezani, isogeze karibu, ila si karibu kiasi kwamba mfoko wa hewa unaiwasha kabla ya peleti. Mizani iwe ya gramu 0.001 (greni moja ni gramu 0.0648), maana kopo lililoandikwa 18.13 lina za juu na za chini, na ya juu ndiyo ya kupimia.

Bado kuna mtego mmoja. Tangi likishuka chini ya bar 125, regileta haina kazi tena, shinikizo linalofunga valvu linapungua, na kasi inapanda kabla ya kuanguka. Karibu na bar 115 greni 25.39 ilifika futi 459, sawa na 11.88. Ni halali, ila ni karibu mno kwa moyo wangu, kwa sababu kila risasi inahesabika, hata ya mwisho wa tangi. Kwa sasa skrubu imelegezwa robo nyingine na tangi linajazwa likifika bar 130. Gharama yake ni risasi chache kwa kila kujaza bar 200.

Mpango ulikuwa kupanga peleti kwa uzito na kupima makundi ya yadi 40. Umeahirishwa. Nyundo ya chuma inabeba msukumo mwingi na hudunda ikairudia valvu. Ya alumini, nyepesi zaidi, ingefupisha muda wa valvu bila springi kulegea hadi inacheza. Fimbo ya alumini ipo. Kinachofuata ni kuichonga kwenye mashine ya kukereza, kuanza na springi iliyolegezwa kabisa, na kupima greni 25.39 kwanza kabla ya nyingine yoyote, kuanzia bar 200 hadi 110.