Mnara wa Askari hauna jina hata moja: namna ya kumtafuta babu aliyekwenda vitani

Anayefika kwenye mnara wa Kenyatta Avenue, Nairobi, akitarajia kusoma jina la babu yake atauzunguka mpaka achoke. Halipo, wala la mtu mwingine halipo. Kuna sanamu tatu za shaba juu ya jiwe, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, zilizozinduliwa mwaka 1928, na chini yake maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari Waafrika waliopigana, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Kisha yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ni ahadi nzito kuandikwa kwenye jiwe lisilo na jina. (Ukitaka kuyasoma kwa utulivu, nenda Jumapili asubuhi. Siku za kazi magari hupita pande zote mbili, na anayesimama pale ameinua simu hana anayemlindia mfuko.)

Majina hayakusahauliwa kwa bahati mbaya. Baada ya vita, tume ya Uingereza ya makaburi ya wanajeshi, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilikubaliana na watawala wa kikoloni kwamba Waafrika wakumbukwe kwa jumla, kwa minara mitatu: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, yote mikononi mwa Stevenson. Waingereza na Wahindi ambao makaburi yao hayajulikani waliandikwa kwa majina kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya Nairobi South. Kule Tanganyika makaburi ya wapagazi yaliachwa makusudi yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume ilitoa ripoti ikikiri hayo: wafu 45,000 hadi 54,000 wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati walikumbukwa pasipo usawa, na wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo anayetafuta jina aanzie mahali pengine. Swali la kwanza la kuwauliza wazee ni kama mtu huyo alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) au mpagazi, kwa sababu njia mbili hizi hazikutani popote. Askari alikuwa na namba, kikosi na cheo, na mara nyingi ameacha karatasi. Mpagazi naye aliandikishwa kwa namba, lakini nyumbani aghalabu hakuacha ila hadithi. Kama hadithi hiyo inasema alichukuliwa na chifu mwaka wa 1917, akapitishwa kwenye kambi ya wapagazi ya Kariokor, Nairobi, akafa kwa tumbo huko Tanganyika, basi inakubaliana na historia kwa kila kipengele. Mwaka huo ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia uandikishaji wa nguvu, na wilaya zikatakiwa kutoa watu. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi. Unga wa mahindi uliopikwa harakaharaka pasipo kuiva uliwamaliza hasa wale waliozoea chakula kingine kwao. Hesabu rasmi za wapagazi waliokufa upande wa Waingereza zinapita 40,000, na mishahara ambayo marehemu hawakuichukua haikuzifikia familia nyingi.

Swali la pili ni vita gani. Usiulize mwaka, uliza rika la tohara, au mtoto gani alikuwa amezaliwa alipoondoka. Wazee hukosea miaka lakini hawakosei marika. Uliza pia nchi. Akisema Burma, hiyo ni Vita vya Pili. Akitaja Taveta, Salaita au Rufiji, hiyo ni ya kwanza. Ethiopia na Madagaska ni ya pili.

Ukiwa na jina, ingia kwenye tovuti ya Tume, ambako kutafuta ni bure. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hawajui kwamba orodha ile ni ya waliokufa tu, tena ndani ya tarehe maalumu: tangu 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921 kwa vita ya kwanza, na tangu 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947 kwa ya pili. Babu aliyerudi akaishi na kuzeeka hatapatikana humo hata ukimtafuta mwaka mzima. Kumkosa si ushahidi kwamba hakutumika.

Sababu nyingine ya kukosa ni herufi. Makarani waliandika walivyosikia. L na R hubadilishana, H ya mwanzo huanguka, Mu huwa M, na mara nyingi limeandikwa jina moja tu, la babu au la baba yake. Usiandike jina zima. Andika herufi tatu au nne za mwanzo, chagua kikosi cha King's African Rifles, kisha pitia orodha kwa macho. Kwa vita vya pili angalia na vikosi vya kazi, vya usafirishaji na vya mizinga, maana si kila aliyevaa sare alikuwa Keya. Kwenye maelezo ya ziada huenda ukakuta jina la baba au wilaya, na hapo ndipo utakapomtofautisha Mwangi wako na akina Mwangi wengine.

Soma namba za vikosi kwa uangalifu. Kuanzia 1917 utaona 1/3 au 2/4 kabla ya KAR. Namba ya kwanza ni batalioni, ya pili ni rejimenti: 1/3 KAR ni batalioni ya kwanza ya rejimenti ya tatu. Rejimenti ya tatu ndiyo iliyokuwa ya Kenya, ya nne ya Uganda, lakini usiifanye hiyo sheria, kwani vita vilipokolea waliandikishwa watu kutoka kila pembe.

Halafu kuna suala la mahali. Makaburi ya Vita ya Nairobi, kwenye Ngong Road, yalifunguliwa 1941 na yana zaidi ya makaburi 1,900 ya Vita vya Pili. Ndani yake umo Ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina takriban 2,200 ya wasio na kaburi linalojulikana: waliokufa Ethiopia, Somalia na Madagaska, na waliozama na meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Familia ikisema “alizama baharini, hakurudi,” anzia kwenye kuta hizo. Lakini aliyepotea Burma hayumo Nairobi: jina lake litafute kwenye Ukumbusho wa Rangoon, ulio kwenye makaburi ya Taukkyan nchini Myanmar.

Nyumbani, pekua masanduku. Nishani walizopewa askari kwa vita ya kwanza zilipigwa chapa ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi. Zishike pembeni, elekeza mwanga kwa mshazari, upige picha. Usizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba wala kwa mchanga. Chapa ile ni nyembamba, na nishani nyingi zimeng'aa mpaka hazina tena jina la mtu. Nyingi za vita vya pili hazikuandikwa kitu, kwa hiyo usipoteze muda hapo. Na kama hakuna nishani kabisa, kumbuka miaka ya Mau Mau: wako wazee waliozitupa ili zisiwaponze.

Kwa familia za Wanubi wa Kibra, kizazi cha askari Wasudani wa Keya, njia ni fupi kidogo, kwa kuwa ardhi yenyewe ni rekodi. Ekari zaidi ya 4,000 zilitangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa eneo la jeshi, na askari wastaafu walikaa humo kwa vibali. Hati ya umiliki waliyopewa 2017 ni ya ekari 288 tu. Kibali cha zamani kinachotaja kikosi kina thamani kuliko simulizi kumi.

Kwa mpagazi, nenda Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, ambapo nusu ya mji huwekeana miadi. Beba kitambulisho na penseli. Usiombe “faili la babu”. Omba ripoti za mwaka za wilaya yake, 1914 hadi 1919. Utapata zaidi idadi za watu waliotolewa na majina ya machifu kuliko majina ya waliochukuliwa, lakini chifu akifanana na yule wa hadithi, umeshapata wilaya na mwaka. Shajara za vita zilizoko Nyaraka za Taifa za Uingereza, London, kwenye mfululizo wa WO 95, zinaeleza kikosi kilikuwa wapi siku gani, ila humo maofisa wana majina na askari ni hesabu.

Ukishapata ushahidi kwamba alikuwa jeshini na kwamba alikufa ndani ya zile tarehe, unaweza kuiomba Tume imwingize orodhani. Watataka karatasi za wakati ule, si kiapo cha leo. Tuma nakala tu, asili zibaki nyumbani.