Bamvua Nililolikosa Normandy

Tangazo lilisema: Paris na Normandy, siku tano, yuro 310, chakula juu yako. Nilisita wiki nzima. Fedha hizo ni kodi yangu ya chumba ya mwezi hapa Leipzig, Ujerumani, na mimi nimekuja kusoma sayansi ya chakula, sikuja kutembea. Kilichonikata shauri ni mstari wa chini kabisa kwenye ratiba: siku ya nne, kuvuka ghuba ya Mont Saint-Michel kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, kisha kuyatazama yakijaa. Mtoto wa Jambiani, pwani ya Unguja, akisoma maneno hayo hesabu za kodi humtoka kichwani. Nililipa siku ile ile.

Tuliondoka saa mbili usiku, wanafunzi 43 wa mataifa mbalimbali ndani ya basi ambalo viti vyake havilali. Choo cha ndani kilifungwa kabla hatujavuka mpaka, na vyoo vya njiani vilikuwa yuro moja kila ukiingia. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni akiomba choo huelekezwa na kuulizwa kama amekula. Kulipa yuro kwa haja ndogo, saa tisa ya usiku, kwenye baridi, kuliniudhi kuliko nilivyoweza kumweleza jirani yangu, msichana wa Vietnam, ingawa yeye naye alikuwa akihesabu senti zake kimya kimya.

Kuhusu Paris sina mengi. Mnara wa Eiffel tuliupanda kwa ngazi hadi ghorofa ya pili, ngazi 674, kwa sababu lifti ina bei yake. Louvre niliingia bure: aliye chini ya miaka 26 na anaishi nchi ya Umoja wa Ulaya halipi, akionyesha kibali cha ukaazi. Hilo lilinifurahisha kuliko Mona Lisa mwenyewe, picha ya sentimita 77 kwa 53 iliyozingirwa na mikono iliyoinua simu. Chai niliinunua mara moja tu, yuro tano na nusu, maji ya moto na kifuko cha majani pembeni ya kikombe, maziwa hakuna, iliki haijulikani. Mkate wao, hata hivyo, nausifu. Kwa yuro moja na senti chache unapata mkate mrefu wa moto ambao hauhitaji kitu cha kuteremshia, na kwa siku tatu huo ndio uliokuwa chakula changu, pamoja na samaki wa kopo niliyetoka naye Leipzig. Usiku tulilala vitanda vinane chumba kimoja. Siku ya nne alfajiri tukaelekea magharibi.

Mama yangu analima mwani. Kilimo hicho kilianza upande wetu wa mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, naye akakiingia akiwa bado msichana. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukukua na kalenda ya ukutani. Tulikua na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali, wanawake wanaingia baharini na vigingi vyao na kamba zao. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hakuna wa kufanya kitu, mama anabaki nyumbani kuanika na kufunga magunia. Ada yangu ya shule ilitegemea hayo. Niliposhuka kwenye basi katika kijiji cha Genêts, pwani ya ghuba ile, nilijua bila kuuliza kwamba ni bamvua. Juzi yake usiku nilikuwa nimeuona mwezi mzima juu ya mapaa ya Paris.

Tatizo ni kwamba tulifika saa saba badala ya saa tano. Basi lilikwama kwenye foleni tukitoka Paris, halafu kukawa na mapumziko ya dereva ambayo sheria inayadai. Mzee aliyekuwa atuvushe alitusubiri ufukweni, miguu mitupu, suruali fupi, fimbo mkononi, ndevu nyeupe zimepeperushiwa upande mmoja. Hakugomba. Alitazama saa, akatazama upeo, akasema tutavuka lakini bila kusimama simama. Kijana mratibu wa safari akatutafsiria kwa Kijerumani.

Wao hupima maji kwa namba, mzee alieleza. Namba huanzia 20 hadi 120: zilizo ndogo ni maji mafu, kubwa ni bamvua. Siku ile ilikuwa 102. Kwetu bamvua kubwa hutofautisha maji ya juu na ya chini kwa mita nne hivi. Pale, siku za namba kubwa, tofauti inaweza kufika karibu mita 14. Nilirudia kuuliza nikidhani mratibu amekosea kutafsiri. Mita 14 ni mnazi mzima.

Na kweli bahari haikuwepo. Palikuwa na uwanda wa kijivu usio na mwisho, unaong'aa kama sinia, na kwa mbali, peke yake katikati ya uwazi ule, Mont Saint-Michel wenyewe, mlima wa jiwe wenye kanisa juu yake. Hakuna mwamba wa kuzuia mawimbi, hakuna ngalawa iliyolala ubavu, hakuna kanga za rangi zikiinama kwenye mistari ya mwani. Lakini upepo ulipotugeukia nilisimama. Ilikuwa harufu ya tope lililoachwa na maji. Harufu ya kwetu ya saa nne asubuhi. Mwaka na nusu sikuwa nimeinusa, nikajikuta nalia mbele ya watu 42, na msichana wa Vietnam akanishika mkono bila kuuliza.

Nilikunja suruali hadi magotini, nikajifunga kanga juu yake, nikavua viatu. Wenzangu walipiga kelele kwa baridi ya tope. Mimi nilitembea. Tulipita kando ya mke na mume wazee waliokuwa wakiparua mchanga kwa reki na kutia makombe ndooni, wameinama vile vile wanavyoinama wanawake wa Jambiani, mgongo bapa, magoti yamelegea. Ndipo nilipofanya kosa. Nilitaka kuona makombe yao yakoje, nikatoka kwenye mstari, hatua kumi, labda kumi na tano.

Kwetu unafundishwa kuogopa vitu vilivyo juu ya ardhi ya bahari: miiba, samaki taa aliyejifukia, chupa iliyovunjika. Ardhi yenyewe huiogopi. Hapa ilikuwa imara, halafu ikatikisika kama maziwa yaliyoganda, halafu mguu wa kulia ukaingia hadi gotini. Nikaukanyagia wa kushoto ili niuchomoe ule wa kulia, kama mtu yeyote angefanya, na yote miwili ikazama. Kila nilipovuta, mchanga ulinibana zaidi. Ulikuwa mzito kama saruji inayoanza kukauka, na baridi yake iliingia mifupani. Ulipofika mapajani niliita kwa Kiswahili. Sikuita Kijerumani wala Kifaransa. Niliita "Mama!", halafu nikasoma shahada kimoyomoyo, kwa sababu akili yangu ilikuwa tayari inapiga hesabu ya saa ambayo maji hurudi.

Mzee alikuja akitembea kwa wepesi, haraka lakini bila kukimbia, akasimama mbali kidogo. Aliongea taratibu, na mratibu akatafsiri akiwa ameishiwa rangi. Usivute. Jilaze nyuma, kama unakalia kiti. Sasa tikisa mguu mmoja tu, kidogo kidogo, ili maji yapenye kando yake. Nilijilaza. Mgongo wangu ukalowa, kanga ikalowa, mtandio ukalowa. Nikatikisa unyayo kama anayekanyaga cherehani. Nikasikia maji yakishuka kando ya shavu la mguu, na kitu kile kilichokuwa saruji kikawa uji. Mguu ukatoka. Kisha wa pili. Nikatambaa kwa magoti hadi kwenye fimbo yake.

Alisema jambo moja ambalo nimelihifadhi: mchanga huu haummezi mtu mzima, unamshika tu, na kinachoua ni maji yanayomkuta ameshikwa. Watu wa huko husema maji yale huja kwa kasi ya farasi.

Mito tuliivuka maji yakiwa mapajani, nikafurahi kusafishika, ingawa tope lile jepesi la kijivu halitoki kwa maji ya mto. Tulifika mlimani saa kumi kasoro dakika kumi. Kuna mtaa mmoja tu mwembamba unaopanda kati ya maduka, kisha ngazi, kisha abasia, nyumba ya watawa na kanisa lao. Waliianza, kwa masimulizi yao, mwaka 708, askofu mmoja aliposema kwamba malaika amemtokea usingizini. Malaika huyo yuko kileleni hadi leo, anang'aa dhahabu, upanga mkononi. Ni Mikaeli, huyu ambaye sisi tunamwita Mikaili. Kwao ni askari. Kwetu ni malaika wa mvua na riziki, na nilipomtazama juu ya tope lote lile, na wazee wawili wenye ndoo wakiwa vidoa viwili kwa mbali, niliona nafasi yake pale inafaa kwa maana ya kwetu pia.

Ndani ya abasia nilikaa dakika 20. Dakika zilizobaki nilizitumia dukani, kwa sababu dereva alikuwa ametuma ujumbe kwamba mwenye tope hapandi basi lake. Suruali ya bei rahisi niliyoipata, ya kitambaa cha kulalia, yenye mchoro wa mlima ule pajani, ilikuwa yuro 39. Yuro 39! Nilimwomba muuzaji apunguze, akanitazama kana kwamba nimezungumza jambo la aibu. Kwetu kutaja bei ni kuanza mazungumzo. Pale ni kuyamaliza. Kanga yangu niliikamua bombani, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Bado ina doa la kijivu kwenye pindo, na jina lake bado linasomeka.

Sasa lililoniuma. Ratiba ilisema tutatazama maji yakijaa. Saa kumi na moja na robo mratibu alitukusanya darajani, lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2014 ili maji yapate tena kuuzunguka mlima baada ya barabara ya zamani kuyazuia kwa zaidi ya miaka mia. Akasema tunaondoka. Saa za dereva zinakwisha, malazi yako mji wa Rennes, mwendo wa saa nzima. Maji yangeonekana kuanzia saa moja jioni na kujaa karibu na saa tatu. Niliomba tubaki wanaotaka, turudi kwa basi la abiria. Akasema ni jukumu lake kutulaza wote mahali pamoja. Akapigisha kura. Wengi walikuwa wamechoka, miguu imekufa ganzi, wanataka kuoga. Mikono saba iliinuka kubaki, mmoja wao wa msichana wa Vietnam, ambaye amezaliwa kwenye delta ya Mekong. Mtu wa maji humjui mpaka siku kama ile.

Nilikaa kiti cha nyuma nikitazama kupitia kioo hadi mlima ulipopotea. Uwanda ulikuwa bado mtupu. Nilikuwa nimelipa yuro 310 kwa ajili ya mstari mmoja wa ratiba, nikapewa nusu yake.

Rennes nilishuka na wenzangu supamaketi kutafuta kitu cha kula. Nilichukua vikombe vinne vya krimu ya chokoleti vilivyofungwa pamoja, yuro mbili na senti arobaini. Kwa mazoea ya masomo yangu nikasoma viungo kabla ya kufungua: maziwa, sukari, kakao, wanga, kisha karagenani. Kwenye vitabu tunaiita E407. Ni ile gundi inayotolewa kwenye mwani mwekundu, inayofanya maziwa yasimame kikombeni bila kumwagika. Nilikuwa nimeandikia mtihani juu yake, nikapata alama nzuri. Lakini sikuwahi kuisoma nikiwa na tope kwenye kucha.

Siwezi kudai ni mwani wa mama. Indonesia na Ufilipino wanalima mwingi kuliko sisi. Lakini kikombe hukitazami tena vile vile ukikumbuka kwamba nilipokuwa sekondari mama aliuza kilo ya mwani mkavu shilingi 600, na kilo moja mkavu ni mzigo mzito wa mbichi uliobebwa kichwani kutoka majini ukimwagikia usoni. Na siku hizi maji ya pembeni yana joto, mwani unaoza kwenye kamba, wanawake wanaingia kina kirefu zaidi, na wengi wao hawajui kuogelea. Gundi ya senti chache kwenye kikombe ina mgongo wa mtu ndani yake.

Nilimpigia kwa video. Kwao ilishafika saa nne usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala? Na mimi nalala sasa hivi, kesho bamvua, naingia saa tatu."

Nikamwambia na hapa ni bamvua. Nikamweleza ghuba, namba za mzee, wazee wa makombe, mchanga ulionishika. Hapo alinyamaza kidogo, akasoma dua, akanitaka nimwonyeshe miguu yangu kwenye kamera, yote miwili. Nikamwonyesha kikombe cha krimu nikamweleza kilichomo. Akauliza bei, nikamwambia, akasema "Aa," tu. Nikamwambia na habari ya mita 14. Hilo ndilo lililomwamsha. Akakaa kitako, taa nyuma yake.

"Mita kumi na nne? Haya, nieleze. Yanakuja vipi hayo maji? Yanaanzia mkondoni au yanakuja kwa ufukwe wote?"

"Sikuyaona, mama. Basi liliondoka."

Alinitazama kama anayengoja nimalize sentensi.

"Umekwenda pwani," akasema, "ukaondoka maji hayajarudi?"