Siku moja maishani mwangu: naanguka badala ya steringi

Saa 11 alfajiri niko sakafuni nanyoosha nyonga, mabega na shingo. Shingo naipa muda zaidi kwa sababu leo kuna ngazi. Saa 12 na nusu nimeshafika lokesheni, niko kwa watu wa mavazi.

Mimi ni mcheza stanti. Katika filamu hii nacheza badala ya steringi wa kike kwenye vipande vya hatari: akipigwa, akirushwa au akianguka, ni mimi. Wenzangu wa kiume leo wamevaa makoti, na chini ya makoti hayo wamejaza pedi za mgongo, viwiko na magoti. Mimi nimepewa gauni jepesi lisilo na mikono, mgongo wazi. Pedi zangu ni nyembamba, zinakaa nyongani na mapajani tu, kwingine hakuna pa kuzificha. Ngazi ni zile zile ambazo mwanamume angeanguka akiwa na koti. Hili mtazamaji halioni, na ningependa sana alijue.

Saa 2 mazoezi. Tunapita pambano pigo kwa pigo, kwanza polepole kama watu wanaotembea, halafu nusu kasi, halafu karibu na kasi yenyewe. Kasi kamili hatuifiki hata kamera ikiwaka, maana mtu anayerusha ngumi kwa nguvu zake zote hawezi kuisimamisha pale alipoahidi.

Saa 4 anaingia steringi mwenyewe. Ngumi ya mwisho anairusha yeye, kwa kuwa uso wake lazima uonekane. Ananivuta pembeni. "Dada, kwa nini nisimguse kidogo tu? Nikipiga hewa watu watajua."

Namchukua hadi kwenye monita, kisha nasimama mimi mahali pake. Kamera iko nyuma ya bega la mwenzangu anayepigwa. Narusha ngumi ikatize mbele ya uso wake, mbali kiasi kwamba hata nikijinyoosha simfikii. Ngumi inapopita kwenye mstari wa lenzi, yeye anageuza kichwa kuelekea inakokwenda ngumi, mate yanamtoka, goti linalegea. Kwenye monita taya limevunjika. Kisha namwomba mpiga picha asogee pembeni hatua moja, tunarudia vile vile, na sasa ule mwanya kati ya ngumi na uso uko wazi kama mlango. Steringi ananyamaza, anaangalia tena. "Kwa hiyo anayefanya kazi ni yeye?" Ndiyo. Anayepiga anaonyesha njia, anayepigwa ndiye anayeileta ngumi kwenye sinema. Katika kazi hii watu huwasifia washindi wa pambano, nami kila nikitazama filamu macho yangu yako kwa aliyeangushwa.

Alianza kumtazama mwenzangu machoni kabla ya kila pigo, kama alivyoelekezwa. Tukamaliza vizuri.

Mchana ni kusubiri. Taa zinahamishwa, sisi tunakaa tukijipasha mwili usipoe. Vijana wanazungumzia Oscar, na sishangai: Academy, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo hizo, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaanza kutoa tuzo ya ubunifu wa stanti, kuanzia sherehe ya 2028 kwa filamu za 2027. Sherehe ya mia moja! Kabla ya hapo watu wetu walikuwa wakipewa za heshima, mmoja mmoja. Nawakumbusha Yakima Canutt, mcheza stanti wa Marekani, aliyepewa yake mwaka 1967. Walimtaja kwa stanti zake, na pia kwa vifaa alivyobuni kuwalinda wenzake. Napenda hicho cha pili kiwe kinatajwa zaidi.

Saa 9 inafika zamu ya ngazi. Kabla ya kuvaa wigi nazipanda na kuzishuka kwa mguu, nikipapasa kila ukingo. Kingo zimefunikwa mpira uliopakwa rangi ya mbao. Kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, kona ya mpira imeachia. "Kaka, hapa pamefumuka." Mratibu wa stanti anapiga magoti, anabonyeza kwa kidole, anaita fundi, na seti nzima inasubiri gundi ikauke. Mtayarishaji anatazama saa yake waziwazi. Mratibu hageuki hata kumwangalia. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayeweza kumkabidhi shingo yangu.

Ukiona mtu anabingirika ngazini unadhani amejiachia. Kidevu kinabanwa kifuani, mikono inafunga njia ya uso, mwili unashuka ubavu ili ngazi zikutane na nyama: paja, tako, nyuma ya bega. Magoti, viwiko na uti wa mgongo havipewi nafasi ya kugusa kingo. Mguu mmoja unafanya breki kwa siri, mwingine unarushwa ovyo ili mtazamaji aamini nimeshindwa.

Naanguka. Nalala pale chini, nainua kidole gumba kuonyesha niko salama. Kivuli cha maikrofoni kimepita ukutani, tunarudia. Naanguka, sasa kamera imechelewa kushuka. Tunarudia. Wigi linafunuka, uso wangu unaonekana, linabandikwa upya na ngozi ya kichwa inawaka. Tunarudia. Mshono wa gauni umeachia, na lililobaki ni moja, kwa hiyo hili linashonwa nikiwa nimelivaa. Kila mara anguko langu liko sawa na kosa liko kwingine, lakini wao wanarudisha kamera mwanzo, mimi narudisha nyonga ile ile juu ya ngazi zile zile. Hakuna anayenionea. Ndivyo filamu zinavyotengenezwa. Nimechoka tu, na paja la kushoto limeanza kuwa gumu.

Halafu mwongozaji anasema anataka "maumivu zaidi", niongeze kasi. Hapo nakataa, kwa adabu. Nikiongeza kasi jicho halitapata cha kushika, ataona nguo inayozunguka tu. Namwomba aniruhusu nigote ngazi ya katikati, nisimame kidogo tu kama mtu aliyekatika pumzi, kisha uzito univute tena. Mratibu anasema, "Msikilize dada, anajua." Nafanya hivyo. Mtu mmoja nyuma ya monita anaguna kwa uchungu, na mwongozaji anapiga makofi.

Saa ngapi sijui, nje ni giza. Mhudumu wa afya ananibonyeza mbavu, ananiuliza leo ni siku gani, ananiambia nifuate kidole chake kwa macho. Kichwa hakikugusa kitu, lakini tunapima kila siku ya kuanguka, kwa sababu dalili za mtikisiko wa ubongo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Nikiwa na barafu pajani unaingia ujumbe wa mratibu: ratiba imebadilika, kesho ni dirisha. Namjibu kwa maswali. Kioo ni cha plastiki ile inayopasuka kirahisi, au ni kioo halisi kinacholipuliwa sekunde ileile kabla sijakifikia? Kama ni halisi, nani anabonyeza kitufe, na nimjaribu lini? Magodoro upande wa pili yana urefu gani? Na gauni, je, lina mikono?

Anajibu: la mikono mirefu, amelipigania mwenyewe.